Jeshi Limesema Nini Juu ya Baba?

Bibi Mshauri mpendwa,

Nakuletea shida ambayo hapa Kilelengwani hakuna wa kunitatulia, kwa kuwa anayetegemewa kusoma Kiingereza ni mimi. Baba yangu aliingia jeshi la Waingereza, KAR, mwaka 1943, akapelekwa kisiwa cha Selani na kisha Burma, na hakurudi, nami nilikuwa mdogo hata uso wake siukumbuki, nakumbuka kisogo chake tu, kwa sababu alikuwa akinibeba mgongoni. Mwaka huu Bwana Dukicha, mfanyabiashara wa ng'ombe huko Garsen, amemposa mama, na mama ameridhia, lakini kadhi amesema hamwozeshi mke wa mtu mpaka ajue jeshi lilisema nini, basi mama akaomba kwa mkuu wa wilaya, D.C., na karatasi ya baba imefika, nayo imejaa vifupisho: "TOS 14.6.43", kisha "Msg 9.10.44", kisha "SOS", na mwisho "Pres. Kd." Askari wa zamani wa Wenje anaapa kwamba SOS huandikiwa aliyekufa, mwenzake anaapa ni ya aliyetoroka, na ami yangu Jilo, ndugu wa baba, amelishika hilo la pili, kila jioni yuko uani kwetu akipiga kelele, "Kaka yangu yuko Selani anakula wali, nanyi mnataka kumzika!" Mama akamjibu, "Basi mwambie aniletee na mimi sahani." Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa nitaisoma mbele ya wazee, nami sijui maana yake, na nikisema sijui watasema shule ilinipotezea miaka bure. Tena kuna jambo jingine, Bibi: nafsi yangu inanituma niseme alitoroka. Simsaidii ami. Natamani tu baba awe hai mahali fulani, hata kama ametukataa. Nifanye nini?

Mimi, Mbodze

JIBU

Mbodze,

Pole, mwanangu. Lakini shule haikufundishi lugha ya makarani wa jeshi, na kusema "sijui" si aibu. Aibu ni kubuni.

TOS ni kwamba aliingizwa katika hesabu ya kikosi. SOS ni kwamba aliondolewa katika hesabu hiyo, na huandikiwa aliyekufa, aliyehamishwa, hata aliyelazwa hospitali muda mrefu. Kwa hiyo wale mabwana wawili kila mmoja ameona kipande chake, na hakuna anayeweza kukuapia lolote kwa herufi hizo tatu. Msg ni kwamba hakuonekana. Pres. Kd. ni kwamba anahesabiwa kuwa aliuawa. Mtoro huandikwa utoro wake waziwazi, tena hutafutwa. Baba yako hakuandikwa hivyo. Mwambie ami yako kwamba anayemwita kaka yake mtoro ni yeye, si jeshi.

Jeshi halikuona maiti. Nalo halisemi liliiona. Lilingoja, likachoka kungoja, likaandika. Mama yako amengoja miaka kumi na miwili, na wewe, msomi wake, unataka kumwongezea mingine kwa neno moja la uongo? Unasema hutaki kumsaidia ami yako, lakini ungekuwa umemfanyia kazi yake yote.

Sasa fanya hivi. Andika maana hizi kwa Kiswahili, umsomee mama yako kwanza, ninyi wawili tu, asije akazisikia mbele ya watu. Mwombe D.C. hati ya kifo kutoka ofisi ya kumbukumbu za jeshi. Karatasi mpeni kadhi kabla ya Ijumaa, na hati ikifika mpeni pia: yeye ndiye wa kusema kama ndoa ile imekwisha na eda ianze lini, si Jilo, wala si wewe. Ijumaa usisome kabisa. Waambie wazee, "Karatasi iko kwa kadhi," ukae kitako.

Kumlilia baba yako ni haki yako, hata kama humjui uso. Lakini lia kama aliyefiwa. Usimfanye mama yako aendelee kuwa mke wa kisogo.