Fromaji za Saa Kumi

Mama yangu,

Tangu tukuzike pale Kibabi nimegombana na ukoo mzima wa mume wangu, na sijutii hata kidogo. Sababu ni mjukuu wako Neema.

Desturi unaijua: mwili ukiwa haujaingia kaburini, hakuna anayeshika kazi, hata jembe halitoki ndani. Basi ilipofika saa kumi ya mchana, mchungaji akiwa bado anaomba, Neema aliinuka, akapita katikati ya waliokuwa wakilia bila kumtazama mtu, akaingia kwenye kibanda chako cha fromaji, zile jibini ulizotengeneza kwa mikono yako. Nilimfuata. Alikuwa anazigeuza moja moja juu ya mbao, kama mlivyofanya ninyi wawili kila siku saa ile. Hakuwa na chozi. Alinong'ona maneno yako: "Polepole, isivunjike." Mama, nililia kuliko nilivyolia kando ya sanduku lako.

Shemeji yangu mkubwa, Papa Justin, alitukuta humo. "Koko yake iko mu sanduku, yeye anafanya kazi! Huyu mutoto njo alimukula!" Yaani wewe, nyanya yake, ulikufa kwa uchawi wa Neema. Kesho yake walikaa kikao bila mimi, wakaamua apelekwe chumba cha maombi huko Walikale, afunge chakula siku tatu mpaka pepo atoke. Mtoto wa miaka tisa! Baba yake aliinamisha kichwa tu.

Pepo gani? Ulikuwa nami Goma siku daktari alipotueleza kwamba Neema ana Asperger: ubongo wake umeumbwa kwa namna yake, kelele zinamuumiza, macho ya watu yanamchosha, na ratiba yake ikivurugwa naye anavurugika. "Haiko ugonjwa ya kufukuza," alisema. "Mumujifunze." Ukacheka: "Mimi nilishamujifunza zamani." Kweli. Mimi ndiye niliyekuwa namchapa ili awape wageni mkono, na wewe ndiye uliyeninyang'anya fimbo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wanaukoo walikuja kumchukua na pikipiki mbili. Nilisimama mlangoni, mwiko mkononi, unga umenijaa mpaka kwenye viwiko. "Mwenye kumutaka Neema, anibebe mimi kwanza. Na mimi sibebeki!" Ndipo baba yake, yule bubu wa kikao, akatoka ndani akasimama kando yangu. Pikipiki zilirudi tupu.

Sasa hawatusalimu. Kwenye chemchemi mawifi wananipa mgongo. Wanipe tu, mgongo hauniumi.

Jana Neema, asiyependa kuguswa, alinishika mkono mwenyewe. Alinivuta mpaka kibandani, akanisimamisha upande wa kushoto wa mbao, pale ulipokuwa unasimama wewe. "Mama, iko saa kumi." Nilivunja fromaji moja kwa haraka yangu. Akanirekebisha vidole, akasema: "Polepole."

Pumzika, Mama. Fromaji zako zitageuzwa. Na atakayekuja tena kumtoa mtoto huyu kwenye kibanda chako, atanikuta nimesimama upande wa kushoto.

Binti yako,
Mama Neema