Nani Amekivuta Mbele Kiti cha Kikohozi?

Nyumbani kwa babu yako,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye hajambo kuliko hata vijana wa mtaa huu. Wewe je? Mwenzio na watoto hawajambo? Huo ubaridi wa huko bado unawauma? Huku sote wazima. Mgongo wangu, ambao daktari alikiri hajawahi kuona mwingine ulionyooka kama huo, u mzima. Mjomba wako Mkasi bado anashona nguo za watu na kuzichelewesha. Mama yako naye mzima, macho yake yanaona mpaka yasiyomhusu. Hayo macho nitayarudia, usiyasahau.

Nimekuandikia kwa sababu hapa nyumbani kuna jambo, na mimi mtu hanidanganyi. Shule niliishia njiani, ni kweli, lakini pua yangu ilimaliza masomo yote.

Unalijua Kikohozi, lile gari la marehemu babu yako lililolala bandani. Wewe umelikuta limekwisha kunyamaza. Sisi tulilikuta likiwa na maneno! Ila halikuwahi kuwaka kwa ufunguo hata siku moja. Stata ilikufa kabla babu yako hajalinunua, na yule mwuzaji akamwambia gari la kusukuma ndilo lenye afya. Basi kila asubuhi watoto tulisukuma, kila mtu na nafasi yake. Mkasi, kitinda mimba, alisukuma kwa mdomo, yaani kwa kelele. Mimi nilikaa mapajani mwa babu yako nikishika usukani, nikiwa bado na mapengo ya mbele, na ndiyo maana nyumbani wananiita Dereva. Sitii chumvi, siku moja gari la moshi lilitupigia honi kutuomba njia.

Mama yako, mkubwa wetu, alikuwa kona ya nyuma, kulia. Kila alipoomba naye ashike usukani, babu yako alimjibu vilevile: "Shika pale pale, mwanangu. Wewe una nguvu." Na kweli alikuwa nazo. Bati la kona ile limebonyea mpaka leo, saizi ya kiganja cha mtoto.

Sasa sikia. Mwezi uliopita niliingia bandani kutafuta nyundo, nikakuta magurudumu yamejaa upepo. Miaka yote yamekaa bapa kama kandambili! Nikafungua mlango. Kiti cha dereva kimevutwa mbele hadi goti langu halipiti, na kioo cha kuangalia nyuma kimeinamishwa. Machale yakanicheza.

Nilimshuku Mkasi hapo hapo. Wiki ile alikuwa amesema gari linakula uwanja bure, na yule mnunuzi wa vyuma chakavu kila akifika getini kwetu na mkokoteni wake anapunguza mwendo, anachungulia kama anayechagua kuku. Nikamwuliza Mkasi kwa ujanja ufunguo wa gari uko wapi siku hizi. Akajitia hamnazo.

"Ufunguo? Wa gari gani?"

Gari gani! Kana kwamba tuna msafara.

Lakini Mkasi ana miguu kama ngazi. Angekaa kwenye kiti kile, magoti yangemziba masikio. Nikajua ana mshirika mfupi. Na mnunuzi wa vyuma ni mfupi! Nikaapa gari la baba halikatwi vipande mimi nikiwa hai.

Alhamisi iliyopita mama yako akaaga, eti anakwenda kwa daktari wa macho. Mkasi naye akafunika cherehani asubuhi asubuhi. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji, chui mwenyewe asingeniona. Punde namwona Mkasi ameinama nyuma ya Kikohozi, anasukuma, gari linatoka bandani taratibu. Nikaliruka tangi, tangi zima mpwa wangu, nikamkaba kola.

"Mwizi mkubwa! Unauza jasho la baba!"

"Niachie, kaka, shati la mteja hili! Sukuma kwanza, ugomvi baadaye."

"Nisukume? Nani huyo ndani?"

Kichwa kikatokea dirishani. Mama yako! Amekalia mto wa kitandani kwake, mikono yote miwili kwenye usukani, wala haoni haya. Nikamwambia ateremke, dereva wa nyumba hii anajulikana. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shika pale pale, mdogo wangu. Wewe una nguvu."

Nikaenda kona ya kulia. Nikaweka kiganja penye lile bonde, hakikuenea, vikaingia vidole tu. Nikasukuma. Kwa nguvu zile, Mkasi hakuhitajika kabisa. Kikohozi likakohoa, likapiga chafya, likawaka. Mama yako akapita getini bila kugusa nguzo, akapinda kwa seremala, akapotea. Sisi tukabaki barabarani mikono mbele, kama watu wanaosubiri kupakatishwa mtoto. Mkasi alikuwa anafuta macho, akasema ni moshi. Mimi moshi ulinizidi.

Kumbe maneno ya kula uwanja yalikuwa ya kunizuga. Gari haliuzwi. Nimeamua hivyo, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Ila bado nina swali. Mama yako anabadilisha gia kama anayegeuza kurasa. Ufundi huo hakuupata kwa Mkasi, ambaye hata baiskeli humtupa. Nikaikumbuka likizo yako. Ulikodi gari, kila asubuhi ukampeleka mama yako kwa daktari wa macho. Macho gani hayo yanayotibiwa kila siku, na mgonjwa anarudi anacheka peke yake? Na betri mpya niliyoikuta chini ya boneti ya Kikohozi imeshuka mbinguni? Nijibu mimi mwenyewe, usipitishe kwa mama yako.

Msalimie mwenzio, wabusu watoto, waambie mjomba wa mama yao aliwahi kupishwa na gari la moshi. Mkasi anakusalimu, shati lako bado hajalimaliza. Mungu awafunike huko mliko na awarudishe salama. Naishia hapa, maana kesho asubuhi mama yako anakwenda sokoni, nami kazi yangu iko pale pale.

Mimi mjomba wako, nikupendaye bila kukuamini,

Dereva.