Kanzu ya Baba

Dada Kaltumi,

Salamu kutoka Kibuli. Mama hajambo, bado anasuka vikapu pale barazani tulipokuwa tunagombania ukoko, baba akicheka mpaka anakohoa. Siku hizo nazikumbuka sana.

Dada, nilikukosea. Kwenye arobaini ya baba, wazee waliponivisha kanzu yake, kama ilivyo mila yetu, na kuniita mrithi, nikadhani nyumba ni yangu. Ukaachika, ukarudi na watoto, nikakufukuza: "Ulishaolewa, huna chumba hapa!"

Juzi nilienda kwa wakili, nataka kuuza nyumba. Akacheka. "Mzee Fadhul, kuvishwa kanzu si kupewa nyumba. Dada yako ana fungu lake, kwa sheria na kwa dini." Niliona haya.

Siuzi tena. Njoo tuandikishe jina lako kwenye hati ya nyumba. Hata ukikataa kuongea na mimi, njoo.

Mdogo wako,
Fadhul