Kitabu Chenye Kuita Tanuru ya Baba Yangu Kichuguu

Mujukuu wangu Kalenga,

Mvua mbili zimepita bila sura yako kuonekana hapa Élisabethville. Miguu iko mizima, treni iko inatembea, lakini weye unatuma paka karatasi tu. Usiniambie habari ya kazi. Hata bantu ba mugodi banapewa konji ya kupumzika, banakuja kusalimia bamama babo.

Karatasi yako ya mwisho ilifika. Uliandikia dada yako Véronique majina ya bitabu bitatu: asome, ataelewa juu ya nini inchi yetu iko maskini na namna inaendelea. Akaomba cha kwanza kwa masista, akanisomea tukichambua majani ya sombe. Miye sikuingiaka masomo, lakini masikio niko nayo. Kitabu kinasema mbele ya bazungu kufika, bankambo betu ba zamani balitembeaka juu ya mukuba, ni kusema shaba, bila kuujua, sawa mbuzi. Kisha kuko foto, na chini yake banaandika: kichuguu. Kalenga, ile ni tanuru. Nilionyesha Véronique lile tundu la chini, pa kuingiza mudomo wa mivuba ya kupulizia moto. Nilitema mate palepale, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Lakini weye njo umenichukiza kupita kitabu. Sababu weye unajua. Ulikuwa na miaka saba wakati baba yangu alijenga tanuru yake ya mwisho, ndogo, kule nyuma ya Kasungami, juu yako weye peke yako. Alikufundisha kupanga makala na majiwe ya kijani, kupuliza mpaka mukuba unashuka sawa uji. Nilileta maji, ukanizuia njiani, mukono mweusi mpaka kwenye kiwiko: "Kambo, bamama habafike hapa." Nilicheka, juu ulikuwa mukali sawa muzee. Nikasimama mbali, nikaona paka moshi tu.

Sasa Véronique ameniuliza kama nilionaka kwa macho yangu mukuba ukitoka mule. Nikasema hapana, siye banamuke tulikatazwa. Akanijibu:

"Basi kitabu kinajua kuliko weye, Kambo. Na ni yaya Kalenga mwenyewe, mukubwa wangu, anakisifu."

Sikumukasirikia. Baba yangu alikufa, benzake balikufa. Mwenye kuona amebaki weye tu, na weye umekaa kimya, unasifu. Kisha konji kubwa Véronique anaanza kufundisha batoto ba cité, mutaa wetu, na anataka kubasomea ile kitabu. Batarudi kwa bamama babo bakijua kwamba balizaliwa na bajinga.

Muntu anachimba mukuba wa baba yako, anakuambia baba yako hakuujua, na weye unasema ni masomo mazuri. Hiyo inaniuma kupita umaskini wenyewe. Na bado kila siku ya treni ninauliza bantu kama balikuona, kama umekonda, kama uko na blanketi.

Ukija, usipite nyumbani kwanza. Enda ku kalasi ya dada yako, simama mbele ya batoto, ubaambie nani alipuliza ule moto na nini ilishuka. Useme pia, Véronique akisikia, kwamba ulikosea. Kisha njo uje kula.

Miye, mama ya mama yako