Maombi Waliyoniombea Nikiwa Jikoni

Lavender uko? Nina hasira sana.

Ile app ninayoandikia vikao vya kanisa, niliiongezea kitu cha kurekodi sauti. Jana kwenye kikao nikaacha simu mezani ikirekodi, nikaenda jikoni kuwapikia wajumbe chai.

Leo nasikiliza niandike, kumbe Mzee Obadiah alikuwa ananiombea! "Bwana, mkumbuke katibu wetu Drusilla. Mume amemtoroka, naye anatudanganya ati mumewe yuko kazini Nairobi."

Kwa maombi, Lavender! Kunisengenya wakiwa wamefumba macho! Halafu wote, amina. Halafu wakanywa chai yangu.

Nimerudia mara tano. Hayo ya mume nilimwambia mtu mmoja tu.

Na ile amina iliyoshinda zote kwa sauti naijua. Ni yako.