Chingamu na Tairi la Ndege

Tangazo rasmi kwa taifa: rafiki yako ni mpumbavu.

Unajua dada ameomba ufadhili wa shahada ya uzamivu, wa kutafiti matairi ya ndege? Leo simu yake imelia akiwa bafuni, nikapokea. Sauti nzito ikasema, "Mimi ni profesa wa matairi ya ndege."

Nikajua ni wewe! Si ndiyo sauti unayonitania nayo kila siku?

Nikamjibu, "Karibu gereji, mzee. Pancha za ndege tunaziba kwa chingamu."

Akasema, "Nilipiga kumpa mwenye simu hii nafasi ya ufadhili."

Kumbe ni profesa kweli, na nafasi yenyewe! Nami nimemwambia chingamu!

Kugeuka, dada yuko mlangoni, taulo kichwani. "Unaongea na nani?"

Nilitaka kusema wamekosea namba. Nikashindwa. Profesa akiwa bado hewani, nikasema kwa sauti ili naye asikie, "Dada, ni profesa wako. Mpuuzi aliyemjibu mambo ya chingamu ni mimi, si wewe."