Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Mtaa wa Clinton, Buffalo
29 Januari

Mdogo wangu Kazio,

Pokea salamu zangu, na za theluji, ambayo tangu Jumapili imepanda hadi kwenye dirisha la jikoni na inanichungulia ninavyopika. Hujambo? Usingizi unaupata? Tumbo limetulia, au bado unabugia ile dawa nyeupe ya kiungulia kama maziwa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ukiacha goti, ambalo ni lile lile na maneno yake ni yale yale. Jirani yangu Leokadia naye hajambo. Alisema nikusalimie, kisha akasema nisikusalimie, kisha akaenda zake bila kusema nifuate lipi. Basi pokea nusu ya salamu zake.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na binti mwenye sauti nzuri, ambaye huniuliza nataka kuzungumza na meneja mkuu wa timu kuhusu jambo gani. Kuhusu jambo gani! Mtu niliyembadilisha nepi mama alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, niliyemfundisha kuhesabu kwa kumpa penseli kwenye uwanja wa besiboli na kumwambia aandike kila mpira uliopigwa, leo nijieleze kwanza ndipo niulize kama amekula. Mara ya mwisho nilimwambia yule binti kwamba mimi ni fundi bomba. Akasema utanipigia. Hujapiga.

Habari za huku ni moja tu, nawe unaijua. Watu wamekasirika. Kila majira ya baridi ni wimbo ule ule: wachezaji walio huru wanazunguka nchi nzima wakitafuta timu, wenzetu wanawasajili wao, sisi tunasajili skrini mpya ya uwanja. Yule mrushaji mrefu kutoka Texas alikuja hapa mwezi wa kumi na moja, akalishwa, akapigwa picha, akavaa kofia yetu, kisha akaenda kutia saini kwingine. Najua mfuko si wako. Najua mmiliki wa timu ana mkono wa birika, na kwamba ukimwomba senti anakupa ushauri. Lakini watu hawamwoni mmiliki, yeye yuko Florida anaota jua. Wanakuona wewe. Redioni wanaanza saa kumi na mbili asubuhi, kahawa hata haijachemka. Mmoja alisema juzi, “Huyo Kazio naye abadilishwe, hata kwa ndoo ya mipira, na ndoo wabaki nayo wenyewe.” Jumapili padre aliomba Mungu awape hekima viongozi, mtu wa nyuma akaitikia, “Hasa wa Wapakuzi!” na kanisa zima likasema amina. Marehemu baba alipakua ngano bandarini kwa koleo miaka thelathini, na alipenda kujigamba kwamba timu iliitwa Wapakuzi kwa heshima yake binafsi. Nashukuru hayupo kusikia redio.

Hata hivyo mimi na Leokadia tungevumilia. Miaka ishirini na miwili tumeketi jukwaa lile lile la kushoto tukishindwa, tumezoea. Kilichotuchoma ni Efren Tavarez.

Kazio, mdakaji gani mwingine amechuchumaa nyuma ya wapigaji wa timu pinzani miaka kumi na mitatu bila kulalamika? Alikuja kutoka Santo Domingo hajui theluji ni kitu gani, leo anaizoa kwa koleo vizuri kuliko mwanangu aliyezaliwa ndani yake. Kila Ijumaa ya Kwaresima alishuka na mkewe Yesenia na mabinti zao kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kula samaki wa kukaanga, akapanga foleni kama sisi, akabeba sahani za vikongwe. Basi tarehe kumi na moja Desemba nakanda unga wa pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha, mara redio inasema umemwuza Arizona, na kwamba sisi tunapata kijana wa miaka kumi na tisa ambaye ndevu zake bado zinafikiria kuota, pamoja na mchezaji atakayetajwa baadaye. Niliizima, nikaiwasha tena, nikidhani imekosea.

Najua hiyo ni desturi ya biashara yenu. Mnapatana leo, jina mnaletewa kiangazi. Lakini Leokadia aliuliza ni mwendawazimu gani sokoni anayetoa samaki aliye mezani kwa samaki atakayevuliwa. Mtaa mzima ulicheka kwa uchungu. Kinyozi ameandika kwenye kioo chake kwamba nywele zako zitanyolewa na kinyozi atakayetajwa baadaye.

Ukaja mkesha wa Krismasi. Nilipanga meza kama mama alivyoipanga: kitambaa cheupe, nyasi kavu chini yake, supu ya bitiruti, samaki, kabichi chachu, na sahani moja ya ziada ya mgeni asiyejulikana ambaye huenda akabisha hodi. Yako niliiweka karibu na yangu. Nyota ya kwanza ilitoka, ukaja mlio wa kengele, nikakimbia na goti langu hili. Ni kijana wa duka la maua. Maua, Kazio! Na kadi iliyochapwa kwa mashine, kwamba kazi zimekubana. Mtu hunitumia mimi maua nikiwa nimekufa. Niliyatia kwenye beseni la kufulia, tukala, na ule mkate wa mkesha mwembamba kama karatasi nikauvunja na kila mtu aliyekuwepo. Sehemu yako niliiacha kwenye sahani.

Sasa tufike kwenye tamasha la mashabiki la tarehe kumi na nane, ambalo naamini hutaki kulisikia, lakini vumilia. Umeona mwenyewe kwamba nusu ya ukumbi ilikuja na mifuko ya karatasi kichwani kwa aibu ya timu yao. Na bila shaka unamkumbuka yule bibi wa mfuko aliyesimama kwenye foleni ya kipaza sauti dakika arobaini. Nasikia alikwambia hivi: “Umemtoa mtu aliyekaa nasi miaka kumi na mitatu, umepewa mtu hata jina hana. Na huyo Efren, ulimwendea ukamwambia usoni, au alisikia redioni kama sisi makabwela?” Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga miguu chini wakiimba, “Uza timu! Uza timu!” Wewe ulishika sikio lako la kulia, kama ulivyokuwa ukilishika ukiwa mtoto unapozuia kilio. Kisha ukasema, “Hilo ni kati yangu na Efren, mama. Asante kwa swali.” Na alipogeuka kushuka ukaongeza, “Shuka taratibu, mama, usilitegemee sana hilo goti la kushoto.” Watu walicheka, wakadhani unamdhihaki mzee wa watu.

Kilichofuata hukukiona vizuri kwa sababu ya vurugu. Kulikuwa na jitu moja nyuma ya bibi huyo, nalo limevaa mfuko, likapaza sauti kwamba wewe hukuzaliwa, ulitolewa kwenye kikokotoo, huna mama wala dada. Yule bibi aliligeukia akalipiga kwa mkoba wake mara mbili, na ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya kabichi chachu. Walinzi waliwatoa wote wawili. Sasa picha yake imeenea kwenye simu za watu, na Leokadia ameona vijana wakiuza fulana zenye maneno “Hata jina hana”. Wameuza nyingi. Bibi mwenyewe hajapewa hata moja.

Alhamisi iliyopita kengele ililia tena. Nilidhani ni maua mengine, nikafungua mlango nikiwa nimejiandaa. Ni Efren, ameshika sufuria yangu kubwa, ile niliyompelekea pierogi siku ya komunyo ya binti yake wa pili. Alisema hawezi kuhamia Arizona na mali ya watu. Nilimkaribisha, nikampa kahawa, nikaanza kumwombea radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Nilikulaani kidogo ili ajisikie vizuri. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniomba ninyamaze. Alisema, akiniita kwa heshima ya kwao, “Doña Berna, mwache Kazio. Hujui.”

Basi akanieleza. Kwamba siku ile ulikwenda kwake kabla hujampigia mtu yeyote, gari likakwama kwenye theluji, ukamalizia mitaa minne kwa miguu na viatu vyako vya ofisini. Kwamba Yesenia alikuvua soksi akaziweka kwenye hita kama wewe ni mtoto wake. Kwamba ulimwambia wazi magoti yake yamekwisha, kwamba mmiliki ameamuru mshahara wake uondoke kabla ya Krismasi, na kwamba timu mbili zinamtaka. Moja ilikuwa tayari kukupa mrushaji kamili, mwenye jina na umri na rekodi, ambaye redio nzima ingekushangilia kwa ajili yake. Nyingine ni Arizona, ambako mdogo wake Efren anaishi na kuna jua la kuponya viungo. Ulimwuliza yeye anataka ipi. Alipotaja Arizona ulikubali hapo hapo mezani, na Arizona walipoona umeshaamua, wakakupa walichotaka kukupa. Efren alisema ulilia kidogo, kisha ukaomba soksi zako.

Mwezi na nusu mji mzima unacheka mchezaji asiye na jina, nami nikicheka kuliko wote, kumbe huyo asiye na jina ndiye bei uliyolipa ili mtu mmoja achague mwenyewe pa kwenda. Na ungeweza kuyasema hayo pale ukumbini, wakakubeba mabegani, na kesho yake mmiliki angekufukuza kazi kabla ya chai. Ukashika sikio ukanyamaza. Bado nasema mngembakiza Efren na kuuza hiyo skrini. Hilo sitalibadili hadi naingia kaburini. Lakini nimejua sasa kwamba mtoto niliyemlea hakupotea, na nilimlilia Efren jikoni kwangu hadi akanipangusa kwa taulo la vyombo.

Sasa zamu yangu. Unakumbuka sharti la baba, kwamba hakuna kuvunja mkate wa mkesha kabla hujasema ulichokosea. Mwaka mmoja ulikiri kwamba ndiwe uliyevunja dirisha la Leokadia, na baba akakupa kipande kikubwa kuliko vyote. Basi nami nakiri. Yule bibi wa mfuko ni mimi. Leokadia ndiye aliyekata matundu ya macho, moja kubwa moja dogo, na koti lilikuwa lake. Kila neno lililosemwa nililisema mimi, na kabichi ilikuwa yangu.

Na wala sikuvaa mfuko kwa ajili ya Efren. Nilijidanganya hivyo kwenye foleni dakika zote arobaini. Nilivaa kwa sababu ulinitumia maua. Nilikutamani, Kazio. Ningekuja ofisini ningeulizwa ni kuhusu jambo gani, na ile foleni ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kuzungumza na mdogo wangu. Nilipofika mbele yako, badala ya kukuuliza kama umekula, nilikuaibisha mbele ya watu elfu tatu. Mimi ninayemwekea sahani kila mwaka mgeni asiye na jina. Nisamehe, mdogo wangu.

Ndani ya bahasha, kwenye karatasi ya nta, utakuta sehemu yako ya mkate. Imekauka, lakini haikuota kitu. Nimeivunja pembeni nikala, kama inavyotakiwa, nikikutakia afya, usingizi, na mrushaji mmoja wa maana. Ukishaisoma barua hii itie motoni, ili mambo ya Efren yasimfikie mmiliki. Mkate usiutie motoni.

Kwaresima inakaribia. Ijumaa ya kwanza kuna samaki pale kanisani. Njoo. Watakuzomea, sikufichi, lakini watakupa samaki, nami nitasimama kwenye foleni nyuma yako na mkoba wangu. Sahani yako sijaiondoa mezani. Leokadia ameiomba mara mbili kwa ajili ya keki yake, nimekataa.

Kuna jambo moja tu linanikosesha usingizi. Mfuko ulinifunika hadi mabegani, koti si langu, na sauti niliibania puani. Umri wako wote hujaniita mama hata mara moja, siku ile umeniita mara mbili. Ulijuaje ni goti la kushoto?

Kama ulinijua tangu mwanzo, ukanijibu kwa upole ule, kula huo mkate. Kama hukunijua, ule pia.

Baki na amani.

Dada yako, mwenye goti la kushoto,
Bernadeta